Radhi ya Sitti Amna: Historia ya Marehemu Thuwaini bin Suud, Mkaguzi wa Mikahawa

Waheshimiwa masheikh, majirani wa mtaa wetu, wafanyakazi wa baladiya, yaani manispaa, wa zamani na wa sasa, wapishi na wenye mikahawa mliofunga milango yenu, na nyinyi mama zetu mnaosikiliza kwa kipaza sauti huko ndani, familia inakusalimuni kwa salamu ya Kiislamu na inakushukuruni kwa kuja katika sabla hii, ukumbi wetu wa mtaa, leo Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025, siku ya tatu na ya mwisho ya matanga. Tunajua kuwa hapa kwetu Ibra, Omani, maiti husomewa Qur'ani, hasomewi historia, na kusimama na karatasi namna hii ni mambo ya wenzetu wa bara, lakini marehemu aliagiza kwa maandishi isomwe, kwa Kiswahili kwanza ndipo kwa Kiarabu, isomwe yote bila ya kurukwa pahala, na kwa kuwa maisha yake yote alikuwa mtu wa ripoti, hapana alichokikagua asikiandikie, haikuwa ajabu kutaka na yeye aandikiwe. Anayesoma ni mwanawe mkubwa, Yaarub, naye anaomba astahimiliwe, kwa sababu mwishoni mna kauli aliyoitoa yeye mwenyewe makaburini juzi, ambayo leo inambidi aifute mbele yenu.

Marehemu Thuwaini bin Suud bin Hood alizaliwa Jumamosi tarehe 15 Machi 1947, mtaa wa Sokomuhogo, Unguja mjini, mtoto wa tatu na wa mwisho wa Bwana Suud bin Hood, mfanyabiashara wa karafuu, ambaye babake aliondoka hapahapa Ibra akiwa kijana, na wa Bi. Shukriya, ambaye kwa mapishi yake watu walikuwa wakitafuta visababu vya kupita mlangoni pake karibu na adhuhuri. Mwenyewe alikuwa akisema kuwa alijifunza kunusa kabla hajajifunza kusema, na kwamba akiwa mdogo aliweza kumwambia mamake, akiwa kitandani bado, nazi ya leo imekunwa ya jana.

Alianza chuo mwaka 1953, akakhitimu msahafu akiwa na umri wa miaka tisa, akaingia skuli ya msingi mwaka 1954, akasoma mpaka mwisho wa mwaka 1963, akiwa mwanafunzi mzuri wa hesabu na mbaya wa kukaa kimya, kwani alikuwa na tabia ya kujibu maswali ya wenzake, tabia ambayo walimu waliipenda na ambayo baadaye ilimgharimu. Mwezi wa Januari 1964 babake alifariki dunia katika yale yaliyotokea, nyumba ikafungwa, duka likaenda, na tarehe 8 Agosti mwaka ule aliondoka na mjomba wake, akiwa na nguo alizovaa na kisanduku kimoja, wakapita Mombasa, wakakaa huko kwa muda, mpaka ikapatikana nafasi ya masomo nchini Misri. Mamake alibaki Dar es Salaam kwa ndugu zake, akafariki huko mwaka 1966, na marehemu alipata khabari hiyo kwa barua iliyochukua wiki saba kumfika.

Alifika mji wa Iskandariya, ulio kando ya bahari ya Kati, mwezi wa Septemba 1965, akaandikishwa katika maahadi, yaani chuo kimoja cha afya, kusomea ukaguzi wa vyakula, na posho aliyopewa ilimtosha kwa kitanda na kwa mkate, haikumtosha kwa kitoweo. Katika mji ule, alikuwa akisema, njaa ni adhabu mara mbili, maana kila pembe inapikwa kitu, asubuhi mafuli, yaani maharage ya Kimisri, yanatokotezwa ndani ya mitungi ya shaba na kumiminiwa mafuta na ndimu, mchana maini yanakaangwa kwa thomu na pilipili na kutiwa ndani ya mkate, jioni samaki wanapakwa pumba za ngano na kuchomwa mpaka ngozi inakuwa nyeusi, na moshi wote unaelekea kwa yule asiyekuwa na kitu. Alizijua njia za mji kwa harufu zake, akawa anapita mbali na zile asizozimudu.

Katika mtaa wa wavuvi uitwao Anfushi palikuwa na mkahawa mdogo wa meza nne, wa mjane mmoja jina lake Sitti Amna, aliyekuwa na binti mmoja mdogo aitwaye Lamya, na chakula chake kilikuwa kimoja tu, sayadiya, yaani wali wa samaki unaopikwa kwa kitunguu kilichokaangwa mpaka kikaribie kuungua, ukawa na rangi ya kahawia. Sitti Amna alimwona kijana mweusi mweusi akisoma kwa mwangaza wa dirisha lake bila ya kuagiza kitu, akamwita jikoni, akamkalisha juu ya kiti cha kuchambulia mchele, akampa sahani, na tangu siku ile, kwa mwaka mmoja na nusu, marehemu alikula pale kila siku, hakuulizwa jina la kabila wala ya mfukoni, akiitwa mwanangu na mtu asiyemzaa. Huko ndiko alikosikia kwake yeye kuwa mpishi wa samaki hatii tungule, au nyanya kama wanavyosema wenzetu, katika wali wa sayadiya, kwa sababu tungule ni pazia, na mwenye samaki mzima hana la kufunikia.

Mwezi wa Juni 1967 ilipoingia vita, mji ulikatiwa umeme mara kwa mara, taa zikapakwa rangi ya buluu, boti zikazuiwa kutoka, na barafu ikawa haipatikani, na siku ya Alhamisi tarehe 15 Juni mwalimu wa marehemu aliwachukua wanafunzi wake kumi na mmoja kwenda kukagua mikahawa ya Anfushi kwa vitendo. Walipoingia kwa Sitti Amna, wali ulikuwa mwekundu. Mwalimu alionja, akauliza wanafunzi wanaonaje, na marehemu, aliyekuwa na miaka ishirini na aliyetaka kuonekana anajua, alijibu kuwa mwenye mkahawa huu kwa desturi hatii tungule, akitia leo basi samaki ameanza kuvunda, na chungu kilipofunuliwa ikawa kweli, samaki alikuwa ameanza, ingawa hapana mtu aliyeumwa. Mkahawa ulitiwa lakiri palepale, mbele ya wateja. Sitti Amna hakumtukana, alimfunika mwanawe ushungi akatoka naye, na marehemu alipokwenda kesho yake asubuhi kumwomba radhi, majirani walimwambia kuwa amekwisha rudi mashamba kwa jamaa zake, hawajui kijiji gani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, husema wahenga, na sisi wanawe tulikuwa tukimsikia akiisema methali hii tukidhani anatuonya sisi.

Khabari hii yote familia haikuijua kwa miaka hamsini na saba, mama yetu, mkewe, alikufa bila ya kuijua, na tunaieleza hapa mahala pake ili mfahamu yanayofuata.

Alipokhitimu mwaka 1968 alikwenda Kuwait, akafanya kazi katika maghala ya chakula bandarini kwa miaka minne, na tarehe 3 Novemba 1972 aliteremka Maskati, akaja Ibra kutafuta nyumba ya babu yake, akaikuta imebaki kuta tatu na mtende. Unguja alikuwa akiitwa Mmanga, Misri wakimwita Msudani, na hapa wenyeji walimwita Zinjibari kwa sababu Kiarabu chake kilikuwa cha Misri na ndoto zake zilikuwa za Kiswahili, naye alicheka akasema mtu mmoja makabila matatu, na pasi moja. Tarehe 1 Aprili 1976 aliajiriwa na baladiya kuwa mkaguzi wa mikahawa na vyakula, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 31 Machi 2007, akizunguka Ibra yote, Sinaw, na Sur mara mbili kwa mwezi.

Wapishi mliopo hapa mnamjua kuliko sisi. Hapana aliyekuwa mkali kama yeye, alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma, akinusa sufuria kabla ya salamu, akiinua vifuniko kwa ncha ya kalamu, na Mmalibari mmoja wa sokoni, mpishi wa Kihindi, alikuwa akisema, "Arbabu Thuwaini pua yake ina macho," arbabu yaani bwana mkubwa, lakini hapana pia aliyemwona akifunga mkahawa siku ileile, kwa sababu alijiwekea sheria yake mwenyewe ya siku saba, akikukuta na kosa anakuandikia, anakaa na wewe, anakuonyesha, kisha anarudi siku ya nane, na mbele ya wateja hakusema kosa la mtu hata mara moja. Mwezi wa Julai 1983 umeme ulipokatika Sur kwa siku tatu, alikodi gari akapakia barafu kutoka Ibra akaigawa kwa mikahawa ya samaki ya mtaa wa Aija na ya ng'ambo ya pili, kila mmoja donge lake, na alipoulizwa na mkubwa wake kwa nini mkaguzi anafanya kazi ya hamali, alijibu tu, "Samaki hasubiri." Kumbe lilikuwepo jambo.

Na hakula. Aliyajua yote, papa wa kukausha wa Sur na wali wake, mandi ya Mayemeni, harisi ya Ramadhani, mshakiki wa kando ya njia, chapati za jibini za vijana, akikuambia ipi nzuri na mpishi wake anatokea wapi, lakini katika miaka thelathini na moja hakutia tonge mdomoni katika mkahawa wowote, hata chai, na watu walisema ni uaminifu, wengine wakasema ni kiburi. Siku moja mzee wa Aija aliapa kuwa hatamwacha atoke mpaka aonje samaki wake, marehemu akasimama mlangoni macho yamemjaa machozi, akaomba udhuru, akaondoka, na yule mzee alinuna mwaka mzima.

Alifunga ndoa Alhamisi tarehe 22 Julai 1976, mjini Fanja, na Bi. Mahfudha, mzaliwa wa Wete, Pemba, ambaye wazee wake walikuwa wamehamia huko, na nyumba yao ilikuwa nyumba ya kicheko, kwani Bi. Mahfudha hakumwogopa. Soko la Jumatano la wanawake lilipoanza hapa Ibra, marehemu, kwa kuwa ni mwanamume, hakuweza kuingia kukagua, basi alimfundisha mkewe, akamwandikia maswali, akamngojea garini, na Bi. Mahfudha akawa anarudi na ripoti ya maneno mawili na kikapu kilichojaa vitumbua, lozi na mikate ya mofa, akisema huo ndio ushahidi, kisha ushahidi akaula wote kabla hawajafika nyumbani. Alikuwa akiwaambia shoga zake, "Mimi nimeolewa na mtu aliyeiona mikahawa yote ya mkoa wa Sharqiya, na mwisho nampikia mimi." Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto watatu, Yaarub aliyezaliwa mwaka 1978, Shukriya mwaka 1981 na Hud mwaka 1985, na wajukuu saba, na Bi. Mahfudha alitangulia mbele ya haki tarehe 4 Mei 2019, na kuanzia hapo marehemu alikula kwa sababu ya kuishi tu.

Mwezi wa Machi 2022 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akaanza kusafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, akakatazwa chumvi, ndizi, tende na karibu kila chenye ladha, na mkaguzi wa vyakula akawa anakaguliwa sahani yake na wauguzi. Mwezi wa Septemba 2024, mjukuu wake Wijdan binti Yaarub, fundi wa maabara Nizwa, alipopata safari ya mafunzo ya wiki mbili Iskandariya, marehemu alimwita, akafunga mlango, na ndipo alipoyasema yale ya Sitti Amna kwa mara ya kwanza maishani mwake, akamwambia kuwa haki ya Mungu anaitarajia kusamehewa na Mungu, lakini haki ya mja haisamehewi ila na mja mwenyewe, na kwamba yeye ni wa fadhila za punda, alilishwa akapiga teke, basi amtafutie Sitti Amna, na kama amekufa, amtafute Lamya, amwombee radhi. Alimchorea ramani.

Wijdan alifika kule tarehe 12 Oktoba, na kila alasiri baada ya darasa alikwenda Anfushi na karatasi yake, akaanza kwa kuuliza na akaishia kwa kula, maana wazee wa mtaa ule hawakujibu mtu aliyesimama. Alikula mafuli kwa mzee mwenye mtungi wa babu yake, akala maini ya moto barazani, akala samaki wa pumba pahala ambapo unamchagua mwenyewe kwenye barafu, akala chaza wadogo waliochemshwa na bizari nyembamba, na kila alipokula alimpigia simu babu yake, naye, akiwa amelala kwenye mashine hapa Ibra, akimwuliza mafuta ni ya nini, ndimu imetiwa kabla au baada, mwenye duka ni mtoto wa nani, akifumba macho na kumeza mate, mpaka wauguzi wakamjia kuangalia kama amezidiwa. Siku ya tisa Wijdan alipaona mahala penyewe, pamejengwa nyumba ya ghorofa sita, na chini ni duka la kutengeneza simu. Mzee mmoja alikumbuka kuwa palikuwa na mjane aliyepika samaki, alikokwenda hakujua, na jina la binti hakulijua. Mafuli yalibaki, bahari ilibaki, Sitti Amna hakubaki hata katika maneno ya watu.

Alirudi tarehe 27 Oktoba, akamkuta babu yake amepungua, amekataa chakula siku mbili, anamngojea yeye, na hata hajavua viatu aliulizwa, "Ha, binti yangu, umempata?" Wijdan aliitazama ile mikono iliyojaa alama za sindano, akasema, "Nimempata Lamya, Babu. Kasema mama yake alikusamehe zamani, kabla hajafa." Hakuapa, na marehemu, aliyezoea kuapiwa na wapishi wenye makosa, hakumtaka aape, alifunika uso kwa kilemba chake akalia kwa sauti, na usiku ule alikula nusu sahani ya wali. Siku ya tatu Wijdan alimweleza babake ukweli, akitaka arudi akakiri, na babake, yaani huyu anayesoma, ndiye aliyemkataza, akamwambia, "Khalas, umeshamtuliza, neno la kumponya mgonjwa halina dhambi, nyamaza." Kosa hilo ni la Yaarub, na alijua alipokuwa akilisema.

Uongo hauzai mmoja. Marehemu alitaka kumpelekea Lamya zawadi, akajikokota mpaka Nizwa kuchagua halwa mwenyewe, kilo tatu, na halwa ile ilikaa nyuma ya gari ya Yaarub wiki mbili, kisha ikagawiwa watu, na wengine mliomo katika sabla hii mliila. Halafu alitaka kuisikia sauti yake. Ndipo familia ilipomwomba muuguzi mmoja wa Kimisri, Bi. Hajar, mtu wa Asyut, mbali na bahari, mwema, aliyekuwa akimhudumia mgonjwa jirani yetu, ambaye marehemu hakuwahi kukutana naye, azungumze kwa jina la Lamya, akakataa, akaombwa tena, akakubali kwa huruma, na siku ya Ijumaa tarehe 17 Januari 2025, baada ya sala, simu ikapigwa.

Marehemu alisalimia, akalia, akashukuru, akaomba radhi kwa ulimi wake mwenyewe, akajibiwa kuwa amesamehewa dunia na akhera, na sisi sote tuliokuwa chumbani tulikuwa tukilia, kisha akauliza swali moja, kwa upole, kama mtu anayekumbushana na nduguye, mama yako wali wake wa samaki alikuwa akitia nini. Bi. Hajar, maskini, alitaja wali wa kwao, kitunguu, bizari nyembamba na tungule. Kisha marehemu akasema, "Allah yarhamha, na wewe akujaze kheri, umenifanyia jambo kubwa," akarudisha simu, akaomba maji.

Hatukufahamu. Tulidhani amechoka kwa furaha. Kwa miezi minane iliyofuata hakulitaja jina la Lamya tena, hakuulizia halwa, na kila Wijdan alipokuja kutoka Nizwa kumpikia, marehemu alimaliza chakula mbele yake mpaka tonge la mwisho, hata siku ambazo tulijua hawezi, akimsifia kuwa mkono wake ni wa bibi yake. Alizidiwa tarehe 30 Agosti, akalazwa, na Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa mbili za asubuhi, alifariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake Shukriya, akiwa na umri wa miaka sabini na minane na miezi mitano. Alizikwa siku ileile baada ya Alasiri, jua likiwa kali, na kama ilivyo desturi iliulizwa mbele ya jeneza kama yuko mwenye haki yake kwa marehemu, na Yaarub akasimama akasema kwa sauti iliyosikika na wote, "Baba yangu amekufa hana haki ya mtu shingoni."

Jioni ile tulifungua bahasha aliyomwachia Hud, iliyoandikwa tarehe 2 Februari, ndani yake mna fomu ya zamani ya ukaguzi ya baladiya, imejazwa kwa mkono wake, na kwa kuwa aliagiza isirukwe pahala inasomwa kama ilivyo. Mahala palipokaguliwa: Thuwaini bin Suud. Kosa lililoonekana: alimvunjia heshima mbele ya watu mtu aliyemlisha, naye hakupata radhi yake. Maelezo: "Yule aliyesema nami katika simu si Lamya, nyumba ile haikujua tungule ila siku moja. Nawaomba msimlaumu Wijdan wala mama yule, walinipikia walichokuwa nacho, nami nimekula ili wasione haya. Lakini nakufa sina radhi, na watu wajue, asije mtu akanifunika." Muda wa kurekebisha: hapo alikuwa ameandika siku saba, kama alivyowaandikia nyote, kisha akazikata kwa mstari mmoja.

Kwa hivyo, mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele yenu, Yaarub bin Thuwaini anaifuta kauli yake ya makaburini. Marehemu ana haki ya mtu shingoni. Ni haki ya Sitti Amna wa Anfushi na ya bintiye Lamya, na mwenyewe hakuificha, tuliificha sisi, na kwa kumstarehesha tukamnyima miezi minane ambayo pengine angeendelea kutafuta, au angetutuma wengine, au angalau angelia na sisi badala ya kulia peke yake huku akitutafunia tonge. Wijdan yuko hapo ndani anasikia. Binti yetu, babu yako hakukulaumu, na mwenye kustahiki lawama amesimama hapa na karatasi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomvumilia mgonjwa aliyekagua mpaka sahani zao, inamshukuru Bi. Hajar, aliyekuja jana kutuomba radhi ilhali sisi ndio tuliopaswa kwenda kwake, inawashukuru majirani ambao kwa siku tatu hamkutuachia tuwashe jiko, wafanyakazi wenziwe wa baladiya, ndugu zetu waliotoka Fanja, Nizwa na Sur, na nyinyi wapishi, Waomani, Wamalibari, Mayemeni na Mabengali, mliosimama juani na kubeba jeneza la mtu ambaye hakupata kula kwenu, na sasa mnajua kwamba hakikuwa kiburi. Yeyote anayesafiri kwenda Misri, au mwenye jamaa huko, majina ya Sitti Amna na Lamya tumeyaandika mlangoni, atuulizie, na safari hii tukiambiwa hapana aliyeonekana, tutasema hapana.

Baba, radhi hatukukupatia, na leo hatukwambii kuwa umeipata. Mola wako ndiye anayemjua Sitti Amna alipo, na akupe kwake mapumziko tuliyoshindwa kukupa sisi.